Spana Inayosema "Ta"

Hebu fumba macho kidogo uione picha hii. Ubao mrefu wa mninga umelazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya kibanda cha kuziba pancha, Gongoni, hapa Tabora mjini. Hilo ndilo benchi letu. Leo ubao una alama nyeusi ya tairi katikati, maana asubuhi uling'olewa ukawa daraja la kupandishia gari la mbio, gari lenye tumbo la chini mno hata jeki ikashindwa kupenya. Sasa ubao umerudi mahali pake, gari limeshaondoka, alasiri inakaribia na upepo unatupa vumbi kwenye vikombe. Tumekaa watatu. Saidi, utingo mstaafu wa malori ya tumbaku, jina lake la hapa ni Kilomita. Ezekia, muuza asali, anaitwa Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa. Wa tatu ni mimi, niliyewafundisha wengi wa mtaa huu kuandika a na e na i, nao wananiita Mwalimu tu. Bi Kuluthumu anamimina kahawa. Mmoja amekataa kukaa: Masolwa, mwenye kibanda, fundi wa tairi, ambaye hapa ni Presha. Anatazama upande wa barabara ya Sikonge kama mtu aliyesahau kitu na hajui ni kitu gani.

Kilomita: Presha, kaa bwana. Umetusimamia kama askari wa mizani.

Presha: Nimekaa.

Kilomita: Umekaa wapi, hewani?

Redio: Mwache. Mtu ukishashika gari kama lile, halafu unarudi kwenye bajaji na Noah, unajisikia kama umefiwa.

Bi Kuluthumu: Wee Redio! Jeneza limepita mbele yetu leo leo, wewe unafanyia kufiwa mzaha?

Redio: Samahani, Bi Kuluthumu. Ulimi umeteleza.

Presha aliingia kibandani. Tulimsikia akigusagusa spana zake ukutani, moja moja. Akatoka, akatazama barabara, akaingia tena.

Nikueleze gari lenyewe. Ni la Awadhi, mtoto wa hapa hapa Gongoni, ambaye sasa kazi yake iko Dar es Salaam. Lina viti viwili tu na rangi ya manjano kama papai lililoiva. Alikuja nalo kumchukua mama yake, Bi Amne, aliyeko Ipole kwenye mizinga yake ya nyuki. Macho ya Bi Amne yanafifia, na kwa muda mrefu amekataa kutoka Ipole kwenda hospitali. Juzi alikubali. Akamwambia mwanawe, "Njoo upesi kabla sijabadili nia." Awadhi akaja upesi. Ila njiani alipita kwenye tope, na alipofika hapa usukani ulikuwa unatetemeka mikononi mwake kama mtu mwenye homa. Presha alichungulia mara moja tu akajua: tope limekauka ndani ya rimu, upande mmoja umekuwa mzito kuliko mwingine. Yang'olewe magurudumu yote manne, yasafishwe, yarudi. Kijiwe kizima kikasimama kusaidia.

Kilomita: Mimi nasema sasa hivi Sikonge ameshaipita. Sisi na lori tulikuwa tunalala njiani. Yeye anapita kabla Sikonge haijajua kwamba anakuja.

Redio: Sikonge? Kaka, yule ameshafika Ipole, ameshampakia mama, ameshageuza. Ila anakwenda mbio kiasi kwamba hatumwoni. Inawezekana amepita hapa mara mbili.

"Redio," nilisema, "angepita tungeona vumbi."

Redio: Mwalimu, na hili vumbi unadhani ni la nani?

Kilomita: Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sasa anayekwenda mbio ndiyo kabisa, hana hata muda wa kujikwaa.

"Sivyo walivyokusudia, Kilomita."

Kilomita: Wahenga hawakuwa na gari, Mwalimu. Wangekuwa nalo wangesema hivyo.

Presha hakucheka. Huyu kwa kawaida hucheka wa kwanza, tena kwa kelele. Bi Kuluthumu alimpa kikombe. Akakishika, akakizungusha, akakirudisha kimejaa.

Bi Kuluthumu: Kahawa yangu leo ina nini?

Presha: Haina kitu, Bi Kuluthumu. Mimi ndiye nina kitu. Kinanikuna hapa ndani, sikioni.

Redio: Huyo ni pepo wa gari kubwa. Anampanda fundi akiligusa bila kuchinja kuku.

Hapo ndipo alipokuja mgeni. Ni Julieth, fundi cherehani, ambaye wiki hii amepanga chumba cha pili kutoka kibanda cha Presha. Alikuwa na vipande vya uzi kwenye sketi na chenji mkononi. Alisalimia vizuri, shikamoo kwangu na kwa Kilomita na Bi Kuluthumu, habari kwa wengine, akaomba kahawa.

Kilomita: Karibu, mwanangu, karibu ukae. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Maana yake mgeni akija, sisi wenyeji tunanunuliwa kahawa.

Bi Kuluthumu: Usimsikilize. Kila mtu hapa anajinunulia.

Julieth: Niliona gari la njano asubuhi, nikawa nataka kutoka kuangalia, lakini nilikuwa na sare za watu. Lilikuwa linafanywa nini?

Alikuwa amewauliza watu wenye kiu ya kuulizwa. Kilomita na Redio walisogea, wakampa nafasi katikati, juu ya ile alama ya tairi.

Kilomita: Binti, lile si gari, ni mtihani. Kwanza limegeuzwa. Injini nyuma, buti mbele. Kama mtu aliyevaa kanzu nyuma mbele.

Redio: Pili, magurudumu hayalingani. Ya nyuma mapana kama sinia la pilau, ya mbele membamba. Huyu mzee alitaka ya mbele yaende nyuma.

Kilomita: Kwenye lori tunayahamisha ili yaliwe sawasawa!

Redio: Na tatu, hakuna pa kulitundika gurudumu. Kwenye gari la kawaida vijiti vimetokeza, unalivika, unafunga nati. Lile lina matundu tu. Lazima mmoja alibebe kama mtoto mchanga, mwingine achungulie tundu, wa tatu aingize bolti. Tena ole wako uligonge kwenye diski ya breki. Awadhi alikuwa anapiga kelele, "Taratibu! Taratibu!" Ungesema anazalisha.

Julieth: Na mliweza?

Kilomita: Tuliweza? Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi hapa ni vidole arobaini.

Redio: Sasa subiri nikwambie kuhusu spana.

Kilomita: Hiyo nasimulia mimi.

Redio: Wewe umesimulia kanzu. Sikiliza, dada. Lile gari linakuja na spana yake ndefu, inakaa ndani ya boksi kama kinanda. Unakaza bolti, unakaza, unakaza, inapofika kiasi chake, spana yenyewe inakwambia. Inasema "ta!" Hapo unaacha. Ukiongeza umeharibu, ukipunguza umeharibu.

Julieth: Inajuaje?

Redio: Ina laini ya simu ndani. Ikisema "ta", kule Ulaya lilikotengenezwa kengele inalia. Mzungu anaangalia kioo chake anaona: Tabora, Gongoni, wamekaza.

Kilomita: Acha kamba, Redio. Mle ndani kuna mdudu. Kama senene hivi, lakini wa chuma. Anabanwa, anabanwa, akichoka anaruka. Tena huo si ujuzi wa Ulaya. Umetoka hapa. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, anabeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Kwihara hapo jirani, mpaka pwani. Mzigo wao ulifungwa kwa kamba ya miyombo, na fundo likikaza sawasawa lilikuwa linalia "ta". Wazungu walipita, wakasikia, wakaandika. Ndiyo hiyo spana.

"Ni springi," alisema Presha kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kusogea karibu. "Ni springi tu. Unaipimia kiasi, ikifika inaachia. Hakuna senene."

Redio: Fundi kasema springi, lakini alipoisikia mara ya kwanza aliruka nyuma.

Presha: Sikuruka.

Redio: Uliruka, kaka. Basi, dada Julieth, kila mtu hapa alitaka kuisikia. Gari lilipokwisha kushushwa chini tukaanza kukaza moja moja. La mbele kulia alikaza Kilomita.

Kilomita: Ta, ta, ta, ta, ta! Bolti tano. Huzungushi kwa mduara, unaruka, unakwenda ng'ambo, kama unavyochora nyota. Nilijisikia kijana.

Redio: La mbele kushoto mimi. Bolti ya tatu nilitamani kuirudia kwa utamu.

Kilomita: La nyuma kulia alikaza Presha mwenyewe, na Mwalimu akashikishwa bolti ya mwisho. Mwalimu, sema kweli, ulitabasamu.

"Nilitabasamu," nilikubali.

Julieth alikuwa amenyoosha vidole vitatu, kimoja kwa kila gurudumu, kama watoto wanavyohesabu. Akatazama kidole cha nne, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anapuliza kahawa:

"Na la nne?"

Upepo ulipita. Kipande cha mfuko wa plastiki kilijiviringisha mpaka miguuni mwa Kilomita, naye akakitazama kama kina jibu.

Redio: La nne alikaza Presha.

Presha: Mimi? Mimi nilikaza la nyuma kulia. Nikampa Mwalimu bolti ya mwisho. Halafu...

"Halafu jeneza likapita," nilisema.

Ilikuwa hivyo. Hapa kwetu jeneza likipita huulizi ni la nani. Unaacha ulichoshika, unaingia chini yake, unabeba hatua chache, kisha unampisha bega aliye nyuma yako bila hata kumtazama uso. Hata Redio, ambaye Jumapili yuko kanisani, huweka bega. Asubuhi ile tulitoka wote, Awadhi naye na mikono yake ya grisi, tukalisindikiza mpaka kona. Tuliporudi tulirudi mmoja mmoja, kimya kimya, na saa ilikuwa imekwenda. Awadhi alikuwa anamwaza mama yake. Boksi lilifungwa, mikono ikapungwa.

Presha: Mimi nilirudi nikakuta spana imeshaingia buti. Nikajua Awadhi amemaliza.

Kilomita: Mimi nilimwona Awadhi anaifungia kwenye boksi. Nikajua umemaliza wewe.

Redio: Mimi nilijua mmemaliza wote.

Bi Kuluthumu: Spana alikuwa nayo nani jeneza lilipofika?

"Mimi," nilisema. "Nilimpa aliyekuwa nyuma yangu."

Bi Kuluthumu: Nani?

Sikujua. Nilikuwa tayari natazama jeneza.

Julieth aliweka kikombe chini. "Samahani," alisema. "Sikujua kama nimeuliza vibaya."

Presha: Hujauliza vibaya, dada. Hicho ndicho kilichokuwa kinanikuna. Sikio langu lilisikia "ta" kumi na tano, likawa linangoja nyingine tano.

Redio: Lakini lilikazwa kwa mkono, si ndiyo? Lilipokuwa juu ya jeki?

Presha: Kidogo tu, kwa kulishikilia. Lisianguke. Nyuma kushoto.

Redio: Na likikazwa kidogo hivyo linafika wapi?

Presha: Linategemea.

Redio: Linategemea nini?

Presha: Redio, ningejua linategemea nini ningekuwa nimekaa!

Kilomita alivua kofia yake akaiweka magotini. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya kijiweni.

Kilomita: Zamani, msituni, ng'ambo ya Sikonge huko, tulikuwa tunakwenda na mzigo. Mara tukaona gurudumu linatupita. Peke yake, barabarani, mbio. Tukacheka. Dereva akasema, tazama, gurudumu la watu limewatoroka. Tulicheka mpaka lori letu lilipokaa chini upande mmoja.

Hakuna aliyemwambia aache kamba.

Kwenye magari ya usukani wa kulia kama haya yetu, dereva hukaa kulia. Upande wa kushoto ndio angekaa Bi Amne, mwanamke wa asali, ambaye maisha yake yote amesafiri kwa basi na kwa lori na hajapata kukaa chini karibu na lami namna ile. Sikulisema. Niliona kwenye nyuso zao kwamba kila mmoja ameshalifikia mwenyewe.

Presha alipiga simu. Ikaita. Haikupokelewa. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Presha: Alisema mwenyewe akiendesha anaizima sauti. Alijisifu kabisa.

Redio: Tumtume bodaboda.

Kilomita: Bodaboda alikimbize lile? Labda amngojee akirudi.

Redio: Akirudi ndiyo tunachoogopa, mzee! Akirudi yumo mama!

Presha alikwenda mpaka ukingo wa barabara, akarudi, akaenda tena. Mimi nilisimama, kisha nikakaa, kisha sikujua kwa nini nimekaa. Bi Kuluthumu alifunika birika lake.

"Ipole tunamjua nani?" nikauliza.

Redio: Apolinaria! Ananiuzia asali, kibanda chake kinatazamana na nyumba ya Bi Amne. Nampigia sasa hivi.

Akampigia, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie.

Redio: Apolinaria! Mimi Ezekia. Sikiliza, gari la njano likifika hapo kwa Bi Amne, lisiondoke! Gurudumu halijakazwa!

Apolinaria: Ezekia, niache. Wiki jana ulinipigia ukasema nyuki watalipishwa kodi. Nikashinda na mizinga yangu nimeificha porini.

Redio: Ile ilikuwa utani! Hii si utani!

Apolinaria: Na ile ya kwamba asali ya Sikonge imepigwa marufuku? Nina wateja hapa, kwaheri.

Simu ikakatwa. Redio alipiga tena. Ikaita, Apolinaria akaikata. Namjua Redio tangu yuko hapa kiunoni kwangu, akiwa na rula na kelele. Sijawahi kumwona akimwachia mtu mwingine zamu ya kusema. Aliitazama simu yake kama imemsaliti, kisha akainyoosha kwa Bi Kuluthumu.

Redio: Zungumza wewe. Mimi haniamini.

Bi Kuluthumu hakuipokea. Alitoa ya kwake kutoka kwenye pindo la kanga, akaniomba nimsomee namba kwenye kioo cha Redio, akapiga.

Bi Kuluthumu: Apolinaria, mwanangu. Kuluthumu wa Gongoni, wa kahawa.

Apolinaria: Shikamoo, mama.

Bi Kuluthumu: Marahaba. Aliyokwambia Ezekia ni kweli. Leo tu. Gari limefika?

Apolinaria: Liko hapa mbele, mama. Watoto wamelizunguka, watu wanapiga picha. Bi Amne ameshaingia, kapakata kidumu cha asali. Linawaka. Eh, linasogea!

Presha: Simama mbele yake!

Apolinaria: Nani huyo? Nisimame mbele ya gari?

Bi Kuluthumu: Simama, mwanangu!

Tulisikia ndala zikipiga ardhi. Tulisikia pumzi, kelele za watoto, mngurumo mzito kama wa mnyama, karibu, karibu zaidi. Kilomita alikuwa amenishika mkono bila kujua. Kisha mngurumo ukazimika, na ikaja sauti ya Awadhi, ina wasiwasi.

Awadhi: Shikamoo, Bi Kuluthumu. Kuna msiba?

Bi Kuluthumu: Marahaba. Bado hakuna. Zungumza na fundi.

Presha aliipokea simu kwa mikono miwili.

Presha: Awadhi, la nyuma kushoto ulilikaza wewe?

Awadhi: Mimi? Si wewe, kaka? Nimekuja huku natembea mpaka...

Hakusema ametembea kiasi gani. Presha hakutaka kusikia.

Presha: Toa spana. Ile ile, kiasi kile kile, usikiguse. Anza bolti ya juu, kisha ruka kama nyota. Simu iweke karibu na gurudumu. Tunataka kusikia.

Akailaza simu ya Bi Kuluthumu juu ya ubao, pale kwenye alama ya tairi, Julieth akiwa amehamisha vikombe. Tukainama wote, vichwa vikigusana.

"Ikisema 'ta' papo hapo," Presha alinong'ona, "basi tulikaza na tumesahau. Ikizunguka kwanza, basi."

Hakumalizia basi nini.

Tulisikia boksi likifunguliwa. Chuma kikagusa chuma. Kisha mlio wa bolti ikizunguka, taratibu, kama mlango wa zamani.

Presha: Inazunguka?

Awadhi: Inazunguka.

Presha: Bado?

Awadhi: Bado.

Ta.

Ya pili ilizunguka zaidi. Ta. Ya tatu. Ta. Kwenye ya nne mlio haukuja kabisa.

Presha: Awadhi?

Awadhi: Kaka, hii nimeizungusha kwa vidole.

Kilomita aliuachia mkono wangu, akatazama pembeni. Redio alifumba macho. Tukasikia spana ikiingia. Ikazunguka muda mrefu mno. Ta. Halafu ya tano. Ta.

Nimesikiliza kengele nyingi za shule maishani mwangu, za kuingia na za kutoka. Sijui kama niliwahi kuishukuru mojawapo kama nilivyoishukuru ile.

Kisha simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Ilikuwa sauti ya mama mzee, haina haraka.

Bi Amne: Masolwa.

Presha: Shikamoo, mama.

Bi Amne: Marahaba, mwanangu. Hilo lililolegea ni la upande wangu?

Presha alilamba midomo. Angeweza kusema ni la upande mwingine. Macho ya Bi Amne hayaoni vizuri, na asingejua.

Presha: Ndiyo, mama. Ni la upande wako. Na kosa ni langu, kibanda ni changu.

Bi Amne: Haya. Mimi nimeshikilia dumu la asali ya kuwaletea nyote wa Gongoni. Lingemwagika, mngelamba lami.

Presha: Mama, msipite moja kwa moja. Mkifika hapa msimame. Gurudumu likishatembea kidogo hukazwa tena, ndiyo kawaida yake. Nitalikaza mimi.

Bi Amne: Wewe, au nyinyi?

Presha: Mimi.

Bi Amne: Basi tutasimama. Nilikuwa nimeanza kubadili nia ya hospitali, lakini sasa nataka kufika nikuone uso ningali naona.

Simu ikakatika. Tukainua vichwa kutoka juu ya ubao, Bi Kuluthumu akairudisha simu kwenye pindo la kanga.

Redio: Asante, dada Julieth. Usingeuliza...

Julieth: Mimi nilikuwa nahesabu tu.

Kilomita: Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Na hii nimeisema sawasawa, Mwalimu?

"Hiyo umeisema sawasawa."

Bi Kuluthumu aliinua birika, akalitikisa. Halikutoa sauti. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyekumbuka ameinywa saa ngapi. Alianza kukusanya vikombe. Redio akajinyoosha, akaegemea nyuma, na benchi likayumba kidogo upande wake, kama linavyoyumba siku zote.

Julieth aliutazama ubao chini yake. Akaitazama rimu ya kushoto, kisha ya kulia.

"Samahani tena," alisema. "Na huu ubao, baada ya gari kushuka, nani aliurudisha?"

Tuliinuka wote kwa pamoja. Kikombe kimoja kilianguka. Kilomita, ambaye goti lake linauma tangu zama za lori, aliruka mbali kuliko sisi sote.

Presha alipiga magoti. Akaitikisa rimu moja, akaisogeza kidogo, akaipigilia kijiwe chini yake. Akaenda ya pili, akaitikisa. Akauinua ubao, akaulaza upya, akausukuma kwa viganja huku na huku. Haukuyumba. Halafu yeye, aliyekuwa amekataa kukaa tangu mchana, akakaa katikati, juu ya alama ya tairi.

"Nimeuweka mimi," alisema. "Sasa kaeni."

Tukakaa mmoja mmoja, tukiangalia barabara ya Sikonge, tukilisubiri gari la manjano lije polepole.

Nawe uliyefumba macho, fumbua sasa. Kati ya yote haya naomba ukumbuke moja tu: ukiona kazi imepita mikono mingi, hata kama ni mikono ya watu wema, uliza kwa upole ni nani aliyeishika mwisho, na umsubiri ajibu.